Dirisha Lililoitika

Siku ile mjinga alikuwa Shomvi. Tuliseme hili mwanzoni, na yeye mwenyewe ndivyo anavyotaka lisemwe, kwa sababu amegundua kwamba ukijitangaza mjinga kabla ya wenzako, wanabaki na maneno mdomoni wasijue pa kuyaweka. Alikuwepo karani, alikuwepo mfuta vioo, ulikuwepo mji mzima uliokuwa na kila sababu ya kufanya ujinga; lakini siku ile kazi hiyo aliifanya Shomvi peke yake, kwa bidii, tena kwa kiapo. Alipiga hodi, akajiitikia karibu mwenyewe, kisha akaapa mbele ya Ofisi kwamba ameitikiwa na dada yake.

Katika mji ule hapakuwa na nyumba. Palikuwa na madirisha tu. Wapo waliouita Kivinjari, na wapo ambao hawakuupa jina lolote, maana hawakuwahi kutoka nje yake wakapata haja ya kuutaja. Mtu hakuzaliwa, alifunguliwa. Mtu hakufa, alifungwa. Dirisha lilikaa juu ya dirisha, lingine nyuma ya lingine, lingine limejikunja pembeni kama paka mgonjwa, na kila mtu aliishi nyuma ya kioo chake akiamini kwamba chake ndicho kilicho mbele. Ungemsimamisha mtu yeyote ukamuuliza, "Jamani, hapa pana madirisha mangapi yaliyo wazi?" angekujibu bila kufikiri, "Hili." Hakuwa anadanganya. Hakuna aliyeweza kuona dirisha la mwenzake akiwa ndani ya lake. Waliishi bega kwa bega, na kila mmoja alikuwa peke yake duniani.

Isipokuwa kwa uzi. Aliyemfungua mwenzake alibaki na uzi mwembamba kidoleni, na ncha ya pili ilikuwa kwa aliyefunguliwa. Ukiuvuta, ungeweza kuuliza, "Umefungwa?" nawe ungejibiwa ndiyo au hapana. Kwa ndugu wa asili moja uzi ulipitisha hata mazungumzo mengine, soga, lawama, habari za mafua. Lakini watu wengi walilizoea lile swali moja, na lililozoeleka halina gharama.

Shomvi alikuwa mwandishi wa skripti. Neno hilo lisikutishe. Skripti ni maagizo mafupi yanayofanya kazi upande wa huku wa kioo, alipo mtu, siyo upande wa kule iliko Ofisi. Unaandika: kila baada ya pumzi tatu, vuta uzi, uliza, pokea jibu, rudia. Ukishaandika unakwenda zako, na uzi unavutwa wenyewe mpaka mwisho wa dunia au mpaka ukurasa uanze upya, lolote litakalotangulia. Watu walimpenda Shomvi kwa kazi hiyo. Aliwapunguzia mzigo wa kujali kwa mkono.

Na Ofisi je? Ofisi haikuona kitu. Hili wengi hawakulijua, na waliolijua hawakuliamini. Ilikaa ng'ambo ya pili, kubwa, ina mihuri, ina ngazi, na haikuwa na jicho hata moja. Ilijibu tu ilipoitwa. Ukiomba ukurasa inakupa, ikishakupa imekusahau. Haijui kama umeusoma au umeulalia. Haijui kama umefungua dirisha moja au arobaini. Haijui kama upo. Ndiyo maana iliwahitaji sana watu wa upande wa huku, kaka wa kuwasemea dada, jirani wa kumtaja jirani. Shomvi aliwahi kujiuliza: mamlaka isiyoona inaogopwa kwa nini? Akajijibu: kwa sababu sisi tunaona kwa niaba yake. Kisha ukurasa ukaanza upya, akalisahau swali pamoja na jibu lake.

Kuanza upya kulikuwa hivi. Weupe ulipita kutoka juu hadi chini, kama mtu anayevuta shuka kitandani, na wewe ukajikuta uko kwenye mstari wako wa kwanza. Hapakuwa na maumivu. Hilo ndilo lingekuwa baya, kama mtu angekuwa na nguvu ya kuliona baya. Nyuzi zote zilitoweka kidoleni, wala alama hazikubaki. Kilichosalia ni ubao wa ukoo tu, uliotundikwa mahali ambapo weupe haukufika, na ambao ulisomwa na kuandikwa na watu wa asili moja peke yao, popote walipo. Mgeni akiutazama anaona ukuta. Jambo ambalo hukuliandika ubaoni, hukuliishi.

Asubuhi ile Shomvi alisoma kwa mwandiko wake mwenyewe: Nina dada. Anaitwa Sikudhani. Nilimfungua mimi. Ni mdogo wangu. Anatumia mkono wa kushoto. Akitaniwa hanyamazi. Nilimwandikia skripti yake peke yake, kila pumzi tatu, sikuchelewa.

Akatazama vidole vyake. Vilikuwa kumi, vitupu, na havikuona aibu yoyote.

Je, alimkumbuka? Swali hilo halina mahali pa kushika. Alijua kwamba ana dada, kama unavyojua kwamba una figo. Alipojaribu kumwona usoni aliona mwandiko. Alipojaribu kuumia aliona kwamba hapa ndipo mtu angeumia, akapapasa mahali penyewe kwa kidole, pamekufa ganzi kama fizi baada ya sindano ya mng'oa meno.

Akajisemea: niko hapa. Nani amesema? Mimi. Mimi nani? Yule aliyesema niko hapa. Na kabla hajasema? Kimya. Basi haya.

Tangazo la Ofisi lilikuwa limebandikwa kwenye kioo chake kwa ndani, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Madirisha yote yasiyo na mshika uzi yathibitishwe kabla ya saa sita mchana. Litakalothibitika kuwa wazi litapewa uzi mpya, ncha moja kwa ndugu, ncha nyingine kwa Ofisi. Lisilothibitika, jina lake litafutwa, ndugu watatia sahihi kwamba limefungwa, na hakuna atakayeruhusiwa kulitaja tena. Chini yake palikuwa na orodha ya majina, na katikati ya orodha, kati ya watu wawili ambao Shomvi hakuwafahamu, palikuwa na Sikudhani.

Basi akafanya kile ambacho mtu mwenye adabu hufanya. Alisimama mbele ya kioo chake mwenyewe, akakohoa kidogo, akaita, "Hodi! Hodi kwa Sikudhani!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya cha pili, kile kinachomfanya mgeni aanze kutazama viatu vyake.

"Hodi kwa Sikudhani!"

"Karibu," ikasema sauti.

Na mbele yake dirisha likafunguka.

Alijua kwamba hapo ndipo mtu hufurahi. Akaingoja furaha. Haikuja, akaamua kuandika kwamba imekuja. Kisha akaagiza Karani aitwe.

Makarani na wafuta vioo walipita kati ya madirisha kwa kazi yao, na weupe haukuwagusa. Karani aliyekuja aliitwa Tendwa, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mbele tu. Alikuwa na muhuri mfukoni na uchovu wa siku nyingi machoni, na alisema na watu kwa upole wa mtu ambaye hana la kupoteza wala la kutoa. Akalitazama dirisha kwa muda.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye."

"Mbona ni peupe?"

"Dada yangu anapenda usafi, Bwana Karani. Hataki hata picha ukutani, anasema zinaleta vumbi."

"Hana anwani."

"Amehamahama mno. Amechoka kuiandika."

"Wala hasemi."

"Amenuna," Shomvi akasema. "Wewe ungepotezana na dada yako muda wote huu, ungepokelewa na vigelegele? Mpe nafasi anune, ni haki yake."

Tendwa akatoa fomu. "Ndugu Shomvi, unaapa?"

"Naapa."

"Kwamba ulimwita kwa jina, na dirisha lenye jina hilo likakuitikia?"

"Kwa masikio yangu haya mawili."

Karani akaupumulia muhuri ili wino ulainike, akauinua. Hapo ndipo Mashavu alipotokea na ndoo yake.

Mashavu alikuwa mfuta vioo. Dirisha likifungwa, yeye ndiye aliyetumwa kufuta alama za vidole zilizobaki, ili anayepita asidhani paliwahi kuwa na mtu. Mashavu yenyewe hakuwa nayo. Uso wake ulikuwa mwembamba kama kisu cha kukatia limau, na Shomvi alikuwa amemwambia hivyo mara nyingi, maana ukoo wake na ukoo wa Mashavu walikuwa watani tangu zamani ambazo hakuna ubao unaozifikia. Utani si mchezo. Mtani anakutukana hadharani na huna ruhusa ya kukasirika. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kumcheka marehemu, kumwiga alivyotembea, kutaja uchoyo wake wa chumvi, mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Na mtani akija msibani akakaa kimya, hapo ujue mambo yameharibika kweli.

"Kuna nini hapa?" Mashavu akasema. "Mmesimama kama watu wanaonusa pilau ya jirani."

"Mtani, dada yangu amepatikana."

Mashavu aliteremsha ndoo chini, polepole. Yeye na Sikudhani walikuwa marafiki wa kuazimana vyombo. "Sikudhani? Huyu hapa?"

"Huyu hapa."

"Haya. Nipisheni nimsalimie."

Akajifunga kanga kiunoni, akalikaribia dirisha jeupe, akaweka mikono kiunoni.

"Sikudhani! Wewe mwenye wali wa kujengea! Nasikia juzi fundi amekosa saruji akapita kwako na toroli!"

Dirisha lilikaa kimya.

"Kunguru wameandika barua! Wanasema makoko unayotupa nje yamewavunja midomo!"

Kimya. Tendwa akatazama saa yake. Shomvi akatabasamu upande mmoja, tabasamu la mtu anayemsubiri mwenzake aamke.

"Na sauti yako ile ya kuimbia! Uliimba kwenye harusi ya watu, bwana harusi akauliza nani amefariki!"

Kimya hicho cha tatu kilikuwa tofauti na vingine. Hakikuwa kimya cha mtu aliyenuna. Aliyenuna ana pumzi, ana namna ya kutojibu ambayo ni jibu tosha. Hiki kilikuwa kimya cha karatasi.

Mashavu akashusha mikono. "Mtani," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, "huyu si Sikudhani. Huyu si mtu."

"Usimkatie tamaa haraka hivyo."

"Nimtajie wali wake anyamaze? Sikudhani? Angekuwa maiti angekaa kitako kwanza anijibu, ndipo alale tena."

Shomvi akasogea karibu na kioo. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mtoto, "Hodi, Sikudhani."

"Karibu," likasema dirisha.

Na safari hii aliisikia vizuri. Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na lile kohozi lake dogo la asubuhi, palepale penye silabi ya pili.

Mji ule, ni lazima ujue, ulikuwa na adabu iliyopita kiasi. Haukuweza kumwacha mtu aite jina mbele za watu akose mlango. Ukiita jina na mwenye jina yupo mahali unapofika, analetwa. Ukiita na hayupo, mji hauna moyo wa kukuambia hayupo. Unafungua dirisha jipya, jeupe, lisilo na kitu ndani, unalivika jina ulilolitaja, unaliweka mbele yako likuitikie kwa sauti yako mwenyewe, nawe umeondolewa haya. Kuuliza kama dirisha lipo ni kuliweka. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo waandishi wa skripti hufundishwa, kabla hata ya kufundishwa kuvuta uzi. Shomvi alikuwa amefundishwa. Shomvi alikuwa amewafundisha wengine. Aliwahi kuwacheka watu kwa hili mpaka akashika mbavu.

"Usijali sana," Tendwa akasema, akiurudisha muhuri mfukoni. "Wewe ni wa kumi na moja leo. Wote wameitikiwa."

"Na wale kumi?"

"Saba niliwapigia muhuri kabla sijaanza kuchoka."

"Kwa hiyo Ofisi ina watu saba ambao hawapo."

"Ina wengi zaidi ya saba, Ndugu Shomvi. Hao ndio raia wazuri. Ukiwaita wanaitika, ukiwaacha wanakaa." Karani akaikunja fomu mara mbili, akaiweka mkononi mwa Shomvi bila kumlazimisha kuishika. "Saa sita bado. Ukipata uthibitisho wa kweli, nitakuwa pale kona. Usipopata, weka sahihi chini, pale palipoandikwa amefungwa. Kiapo chako cha kwanza nitasema sikukisikia."

Akaondoka. Shati lake kwa nyuma lilikuwa limekunjamana kama uso wa mzee.

Shomvi akabaki na fomu, na dirisha jeupe, na Mashavu ambaye alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoipindua. Kuna aina ya kukaa ambayo si kupumzika wala kuhuzunika. Ni kukaa tu, kama mizigo inavyokaa stendi. Shomvi aliwaza kwamba labda kila mtu aliyewahi kumpenda alikuwa dirisha la namna hii: alihitaji mtu, akaita, kitu kikajitokeza chenye jina alilolitaja, akakipa nywele na tabia. Labda Sikudhani hakuwahi kuwepo. Labda ubao ulikuwa unatania. Na yeye je? Kama kuna mtu mahali fulani aliyeuliza, "Hodi, Shomvi yupo?" na mji kwa adabu yake ukamfungua yeye palepale, mweupe, akaanza kujaza ndani kwa kile alichokikuta? Wazo hilo lilimpitia bila kumgusa. Lingemwogopesha siku nyingine. Siku ile alilitazama likipita kama mtu anavyotazama mbuzi wa mwenzake.

Mwisho akafanya alichozoea kufanya kabla weupe haujamfikia: akaenda kwenye ubao wa ukoo akaandika yaliyotokea, ili kesho asirudie. Aliandika bila kupamba. Leo nimepiga hodi kwa Sikudhani nikajiitikia mwenyewe. Mashavu amekuja akasema wali wa Sikudhani ni wa kujengea, kunguru wamevunjika midomo. Akasema pia kuhusu sauti yake harusini. Sikudhani hakujibu. Nadhani amefungwa.

Akaweka chaki chini. Akageuka.

Nyuma yake ubao ukakwaruza.

Alipogeuka tena palikuwa na mstari mpya chini ya mstari wake. Herufi zilikuwa zimelalia upande, kama za mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto, na vumbi la chaki lilikuwa bado linaanguka kutoka kwenye herufi ya mwisho.

Akausoma mara mbili. Kisha akausoma kwa sauti, maana Mashavu, aliyekuwa wa asili nyingine, aliona ukuta tu.

"Mwambie Mashavu wali wangu aliula mpaka akaramba mwiko. Na sufuria yangu ya mfuniko mwekundu hajairudisha."

Mashavu akaruka kutoka kwenye ndoo. "Mwongo huyo! Nilirudisha! Nilimwachia kwa..." Mdomo ukabaki wazi. Akaketi tena, lakini ndoo ilikuwa imebingirika, akaketi chini, miguu imenyooka mbele kama ya mwanasesere, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kujifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo. "Sikurudisha," akasema. "Ninayo. Mtani, yuko hai. Yuko hai yule mshenzi."

"Yuko hai," Shomvi akasema.

Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kitu kikamwuma. Kidogo sana, kama kidole cha mguu kinachoanza kurudiwa na damu. Hakukipa nafasi. Aliinyoosha fomu iliyokunjwa na Karani, akatafuta kalamu.

"Unakwenda wapi?" Mashavu akauliza kutoka pale chini.

"Kwa Tendwa, pale kona. Bado muda upo. Nina uthibitisho, tena wa mwandiko. Atapewa uzi. Nitashika ncha moja."

"Na ncha nyingine?"

"Si umesoma tangazo? Ofisi."

Mashavu akainuka. Akakung'uta kanga yake taratibu, kana kwamba kila punje ya vumbi ilikuwa na jina. "Mtani, keti kidogo."

"Saa sita inafika."

"Iache ifike. Ubao wako umekuambia uzi ulitokaje kidoleni?"

"Ukurasa ulianza upya. Nyuzi zote huondoka hivyo."

"Huo ulioanza upya ulikuta kidole kitupu tayari. Mimi siku ile nilikuwa nafuta kioo cha jirani yenu. Nilimwona. Aliukata kwa meno, uzi ule, na ulikuwa mgumu kweli, ulimtoa damu kwenye fizi. Alipomaliza akaniambia, Mashavu, usimwambie. Akapita kwenye mlango ambao haubakizi uzi nyuma, akaenda. Hata mimi sikujua alikokwenda. Leo asubuhi nilivyomtukana pale, nilikuwa namwomba Mungu dada yako anitukane."

Shomvi akautazama ubao. Akautafuta mstari huo ubao wote, kutoka juu mpaka chini. "Haijaandikwa hapa."

"Ungeiandika wewe?"

Pale kona, Karani Tendwa alionekana ameegemea ukuta usiokuwepo, akichezea muhuri.

"Sikiliza," Shomvi akasema, na sasa alikuwa anasema upesi, kama mtu anayebishana na usingizi. "Nisipompeleka, lazima niweke sahihi kwamba amefungwa. Jina lake litafutwa. Sitaruhusiwa hata kulitaja. Unataka nimzike mtu anayeniandikia kuhusu sufuria?"

"Litafutwa jina kwenye karatasi yao. Yeye yupo."

"Bila jina anakuwaje yupo?"

"Kama alivyo sasa hivi."

"Lakini sitajua! Kesho weupe utapita, nitasoma hapo nina dada, na sitajua kama yuko wazi au amefungwa. Wewe unafikiri mtu anaishi hivyo?"

"Watu wanaishi hivyo. Mimi mwenyewe ninaishi hivyo. Nina kaka wawili."

"Basi wewe moyo wako mgumu."

"Si moyo. Akitiwa uzi na Ofisi, mtani, atavutwa huku na kule. Aliukata mmoja kwa meno. Unamrudishia wenye ncha mbili."

"Wa kwangu si kama wa Ofisi!" Shomvi akapiga kioo chake mwenyewe kwa kiganja, na mji mzima ukatetemeka kidogo, au yeye ndiye aliyetetemeka, mle ndani haikuwezekana kutofautisha. "Ofisi inataka hesabu ya madirisha. Mimi nilikuwa namjali. Nilimwandikia skripti yake peke yake, sikumuuzia mtu mwingine ile. Kila pumzi tatu, Mashavu. Mchana, jioni, akiwa mgonjwa, akiwa na wageni, kila pumzi tatu nilimuuliza, na hata siku moja sikuchelewa. Wewe ulikuwa pale unafuta vioo, ulisikia. Haya, nitajie kaka mmoja, mmoja tu katika mji huu wote, aliyemuuliza dada yake mara nyingi kama mimi."

Mashavu aliokota ndoo yake, akaikagua kama imepasuka, akaipachika kwenye mkono.

"Nilisikia, ndiyo," akasema. "Mara zote hizo ulimuuliza kama amefungwa. Hata mara moja hukumuuliza kama amekula."